Usitie Nanga Mapema

Kazi nyingi za picha zinazotoka kwenye steshenari na vibanda vya matangazo mitaani kwetu hazichorwi, hubandikwa. Kadi ya harusi, kipeperushi cha semina, tangazo la msiba, kalenda ya mwaka mpya: picha ya bwana harusi imetoka kwenye simu, nembo imetoka kwenye barua ya zamani iliyoskaniwa, maua yametoka mtandaoni, na vyote vinakutana kwenye ukurasa mmoja ndani ya Photoshop, GIMP, Photopea au programu nyingine ya jamii hiyo. Kwa hiyo kinachomtofautisha fundi mmoja na mwenzake si ufundi wa brashi. Ni namna anavyokishika kipande alichokibandika, tangu kinapotua ukurasani hadi faili inapokwenda kwa mchapaji. Hoja yangu hapa ni moja: kipande kilichobandikwa kipewe leya yake, kiachwe kwenye leya yake, na kisichanganywe na kilicho chini yake mpaka kazi iwe imekwisha kabisa. Hata ikiisha, kichanganywe kwenye nakala tu. Wengi wanaijua kanuni hii kwa kuisikia. Wanaojua sababu zake ni wachache, na asiyejua sababu huivunja kanuni mara tu anapobanwa na haraka.

Tuanze na kile ambacho kompyuta inakitunza. Picha ya kawaida, ile inayotoka kwenye kamera ikiwa JPEG, ni jedwali la pikseli, na kila pikseli ina rangi moja tu iliyoandikwa kwa namba. Pikseli haijui kama ni sehemu ya uso, ya shati au ya ukuta, wala haikumbuki ilikuwa na rangi gani dakika moja iliyopita. Ukibandika nembo juu ya picha hiyo na kuichanganya nayo moja kwa moja, namba za nembo zinaandikwa mahali pa namba za picha, na zile za zamani zinapotea kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini. Kitufe cha kutendua kinaweza kukuokoa, lakini kwa kawaida kinafanya kazi wakati faili ingali wazi na hatua zako bado zipo kwenye orodha. Ukifunga programu jioni, au umeme ukikatika, orodha hiyo imekwenda. Mteja akirudi kesho asubuhi na kusema nembo isogee kulia kidogo, chini ya nembo hakuna kitu cha kumwonyesha.

Leya inaliondoa tatizo hilo kwa kukitenga kipande na kila kitu kingine. Kila leya ina jedwali lake la pikseli, na programu inazipanga moja juu ya nyingine na kukokotoa jinsi zinavyoonekana kwa pamoja bila kugusa namba za leya yoyote. Ukisogeza nembo, ukurasa ulio chini yake upo salama, maana haukuwahi kuguswa. Jambo hili ni jepesi kulieleza. Ugumu upo kwenye zile sekunde chache baada ya kubonyeza Ctrl+V, na hapo ndipo wanaojifunza wanapoteleza, hasa watumiaji wa GIMP.

Katika GIMP ya mfululizo wa 2.10, uliotoka 2018 na ambao bado umo kwenye kompyuta nyingi za maofisini na shuleni, kipande ulichobandika hakiwi leya. Kinakuwa kipande kinachoelea. Ukitazama paneli ya leya utakiona juu kabisa, na jina lake linasema hivyo waziwazi. Pembeni mwa kipande kuna mstari wa vidoti unaotembeatembea. Kinapokuwa katika hali hiyo, ukijaribu kufanya kazi kwenye leya nyingine programu inakugomea, na mtu asiyejua hudhani kompyuta imekwama. Ukiacha kukifuta, kipande kinachoelea kina njia mbili tu za kutoka. Ya kwanza ni kukitia nanga kwa Ctrl+H: kinashuka kwenye leya iliyokuwa imechaguliwa na kuwa sehemu yake. Ya pili ni kukigeuza leya mpya kwa Shift+Ctrl+N, au kwa kubofya alama ya leya mpya chini ya paneli. Njia zote mbili humaliza ule mkwamo, na ndiyo sababu watu huzichukulia kuwa sawa. Hazilingani hata kidogo. Ya kwanza inafuta kilichokuwa chini, ya pili inakitunza. Tena kuna mtego: ukibofya nje ya kipande ukiwa na zana fulani, programu inaelewa kwamba umetaka kukitia nanga, na kinashuka bila wewe kukusudia. Anayebandika kwenye GIMP ya zamani aizoeze mikono yake vitendo viwili kama kimoja: bandika, kisha fanya leya mpya, kabla ya kusogeza, kupunguza au kufanya lolote lingine.

Waliotengeneza GIMP wenyewe wameukubali upungufu huu. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limebadilisha desturi: ukibandika picha ya kawaida, kipande kinakuwa leya mpya moja kwa moja, na kile cha kuelea kimebaki kama chaguo kwa anayekihitaji, pia kwa kazi za kubandika ndani ya maski, ambayo nitaieleza mbele. Photoshop ilikwisha kupita njia hiyo miaka mingi nyuma. Kabla ya toleo la 3.0 la 1994 Photoshop haikuwa na leya kabisa. Ulichobandika kilielea mpaka ulipoondoa uteuzi, kisha kikaganda. Orodha ya kutendua hatua nyingi nayo haikuja mpaka toleo la 5.0, mwaka 1998; kabla ya hapo ulirudi hatua moja tu. Fikiria kutengeneza bango zima kwa zana za namna hiyo, ambapo kila kipande lazima kikae sawasawa mara ya kwanza. Leya ziliongezwa kwa sababu kazi ya kubandika bila leya ilikuwa kazi ya kubahatisha. Anayetia nanga mapema leo anarudi kwa hiari yake kwenye Photoshop ya 1993.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko programu hizi. Mwaka 1984 wanasayansi wawili wa Lucasfilm, Thomas Porter na Tom Duff, walichapisha makala fupi kuhusu namna ya kuunganisha picha za kompyuta kutoka vipande vilivyotengenezwa mbalimbali. Walitumia mfano wa waandishi wa programu: msimbo mrefu ukiandikwa kwenye faili moja, badiliko dogo linakulazimu kuutayarisha wote upya, lakini ukigawanywa kwenye mafungu, unarekebisha fungu moja na kuyaacha mengine. Picha nayo, walisema, igawanywe hivyo hivyo. Kisha wakaonyesha hesabu ya kuweka kipande juu ya kingine: rangi ya juu huzidishwa kwa kiasi ambacho kipande kimeifunika pikseli, rangi ya chini huzidishwa kwa kiasi kilichobaki, na majibu mawili hujumlishwa. Kiasi hicho cha kufunika hutunzwa kwenye chaneli ya nne, chaneli ya alfa, inayokaa pamoja na nyekundu, kijani na bluu. Programu unayoitumia leo bado inafanya hesabu hiyo kwa kila pikseli ya kila leya, na hesabu hiyo ndiyo inayotupa ushahidi mzito kuliko wote wa kutochanganya mapema. Ushahidi huo uko kwenye kingo.

Chukua mtu aliyevaa kanzu nyeupe, amepigwa picha mbele ya ukuta wenye rangi nzito. Kompyuta inapima mwanga wa pikseli kutoka 0, giza tupu, hadi 255, nyeupe kabisa. Tuseme kanzu ni 255 na ukuta ni 40. Mpakani, pale bega linapokutana na ukuta, kuna mstari mwembamba wa pikseli ambazo si kanzu wala si ukuta; kamera imechanganya vyote viwili. Pikseli iliyogawanyika nusu kwa nusu itakuwa na 148 hivi. Sasa umemkata mtu huyo ukafuata mpaka huo huo, ukambandika kwenye kadi yenye mandhari nyeupe. Zile pikseli za 148 zimekuja naye. Matokeo yake ni uzi wa kijivu kuzunguka bega lote, ule ambao kila mtu ameuona kwenye mabango ya mitaani bila kujua jina lake. Ukijaribu kulainisha ukingo kwa kuufanya upitishe mwanga kwa nusu, hesabu inasema nusu ya 148 ukijumlisha na nusu ya 255, unapata kama 201. Uzi umefifia lakini bado upo, kwa sababu rangi ya ukuta imeingia ndani ya namba yenyewe na haiondoki kwa kuipunguza nguvu.

Lakini mtu yule yule, na ukingo ule ule, ukimbandika kwenye kadi yenye mandhari ya kahawia nzito ya kiwango cha 40, zile pikseli za 148 ni sahihi kabisa, maana ndivyo kanzu nyeupe inavyoonekana inapokutana na rangi nzito. Hakuna jicho litakaloona kasoro. Kwa maneno mengine, ukingo wa kipande hauna usahihi wake peke yake. Usahihi wake unategemea kilicho nyuma yake. Na kilicho nyuma yake ndicho kitu ambacho wateja hubadilisha kuliko vyote. Bibi harusi anaona kahawia imekuwa ya huzuni, anataka rangi ya krimu. Kamati ya semina inaletewa rangi mpya na mfadhili. Ikiwa kipande kimo kwenye leya yake na kingo zake bado zinarekebishika, unavuta ukingo ndani pikseli moja au mbili, au unapaka rangi ya kanzu juu ya uzi wa kijivu, na kazi inaendelea. Ikiwa ulishakitia nanga, unaanza kukata upya kutoka picha ya mwanzo, kama unayo.

Hapa inafuata sehemu ya pili ya kanuni, ambayo naiona ni muhimu kuliko ya kwanza ingawa huzungumzwa kidogo: kwenye leya yako usitumie kifutio kuondoa mandhari, tumia maski. Maski ni picha ya kijivu inayoambatana na leya na kuiambia programu ionyeshe wapi na ifiche wapi. Penye nyeupe leya inaonekana, penye nyeusi inafichwa, penye kijivu inaonekana kwa kiasi. Ukifuta sikio kwa kifutio, sikio limekwenda. Ukilificha kwa maski, unabadilisha rangi ya brashi kuwa nyeupe, unapaka, na sikio linarudi. Kwenye nywele tofauti hii ni kubwa mno. Nywele za asili zilizochanuliwa, au ushungi wenye nyuzi pembeni, havikatwi vizuri kwa mara moja. Vinataka kuficha, kurudisha, kulainisha na kutazama tena juu ya mandhari halisi. Fundi mwenye kifutio anaogopa kujaribu, kwa hiyo anaishia kukata mviringo wa mbali na nywele na kuacha kipande cha ukuta, au anakata karibu mno na mtu anaonekana kavishwa kofia. Mwenye maski hana cha kuogopa.

Tatizo linalofuata ni la ukubwa. Ukurasa wa A4 kwa ajili ya uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508. Picha iliyotumwa kwa simu ikafika ikiwa na upana wa pikseli 1080, ukiibandika hapo itashika chini ya nusu ya upana, yaani sentimita 9 na kidogo. Watu hushangaa kwa nini picha iliyojaa skrini ya simu imekuwa ndogo, kisha wanaivuta mpaka ijae. Programu haiwezi kutoa maelezo ambayo hayakuwepo. Inabuni pikseli za katikati, na uso unakuwa na ukungu. Dawa ya hapo ni kumwomba mteja picha ya awali, itumwe kama faili badala ya kama picha ya mazungumzo. Ni heri aombwe mapema kuliko aambiwe baada ya kuchapa nakala 500.

Lakini hata picha yenye pikseli za kutosha inaweza kuharibiwa na wewe mwenyewe ndani ya leya. Ukiipunguza kutoka pikseli 1200 kwa 1200 hadi 300 kwa 300 na kuthibitisha, umebakiwa na pikseli 90,000 kati ya 1,440,000, sehemu moja ya kumi na sita. Ukiikuza tena baada ya saa moja, zile nyingine hazirudi. Kuzungusha nako ni hivyo hivyo: ukizungusha nyuzi 3, ukaona haitoshi, ukaongeza 2, kisha ukarudisha 1, picha imekokotolewa upya mara tatu na kila mara imepungua ukali kidogo. Kwenye Photoshop suluhisho lipo tangu 2005: kigeuze kipande kuwa kifurushi maalumu kinachoitunza picha ya asili ndani yake, na kila ukipunguza au kuzungusha programu inaanza tena kutoka kwenye asili. GIMP ya 2.10 na 3.0 haina kifurushi cha namna hiyo kwa picha uliyobandika, kwa hiyo fanya kwa mkono: rudufu leya mara tu baada ya kubandika, ifiche ile ya chini, fanya kazi na ya juu. Ukiharibu, unafuta ya juu na kurudufu tena. Na ukubwa, mzunguko na mwinamo, ukiweza, vifanye kwa tendo moja.

Kuna mitego midogo ambayo inafaa kutajwa kwa haraka. Leya inayotokana na kubandika ina ukubwa wa kipande, haina ukubwa wa ukurasa. Kwenye GIMP utaona mstari wa vidoti vya njano kuizunguka, na brashi ikifika kwenye mstari huo inaacha kupaka bila kukueleza sababu. Panua leya kidogo, au kwenye toleo la 3.0 washa chaguo la brashi linaloipanua yenyewe. Picha iliyofunguliwa kutoka JPEG haina chaneli ya alfa, kwa hiyo ukifuta kitu juu yake utapata rangi ya mandhari, mara nyingi nyeupe, badala ya uwazi. Iongezee alfa kwanza, na kwenye Photoshop bofya mara mbili leya iliyofungwa kufuli ili iwe leya ya kawaida. Na kama nembo ya rangi inageuka kijivu kila unapoibandika, usiilaumu nembo. Faili unayobandikia ndiyo iliyo katika hali ya kijivu, na kipande hufuata hali ya mwenyeji wake. Faili za GIF zina ugonjwa wa karibu na huo, kwa kuwa zina orodha fupi ya rangi na kipande kinalazimishwa kuchagua humo.

Wenye kuipinga kanuni hii wana hoja, na si zote nyepesi. Ya kwanza ni ya mashine. Fundi mwenye kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 atakwambia kwamba leya zikizidi, kompyuta inalala. Ni kweli. Ukurasa wa A3 kwa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli milioni 17.4, na kila pikseli pamoja na alfa yake ni baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ukurasa ni megabaiti 70 hivi kabla ya kuhesabu historia ya kutendua. Kumi za namna hiyo ni megabaiti 700. Lakini itazame hesabu hiyo vizuri. Nembo ya pikseli 600 kwa 600 ni megabaiti moja na nusu tu. Picha ya mtu ya 1500 kwa 2000 ni megabaiti 12. Vipande vilivyobandikwa ndivyo leya za bei nafuu kuliko zote, mradi usizipanue zote kufikia ukubwa wa ukurasa bila sababu. Kinachoielemea mashine ni nakala tatu za mandhari nzima zilizosahaulika chini ya paneli, au uwazi mkubwa ulioachwa pembeni mwa kipande kidogo. Ukipunguza kitu, punguza hivyo: kata leya ifuate kilichomo, futa nakala za mandhari usizozihitaji, punguza idadi ya hatua za kutendua. Kutia nanga picha ya bwana harusi kutakuokolea megabaiti 12 na kukugharimu kazi nzima.

Hoja ya pili ni ya haraka. Tangazo la msiba linatakiwa ndani ya nusu saa, familia inasubiri, nani ana muda wa leya na maski? Jibu langu ni kwamba kazi za haraka ndizo zinazorudi kurekebishwa kuliko zote. Jina la ukoo limekosewa, muda wa ibada umesogezwa, mjomba aliyeko safarini amepata picha nzuri zaidi ya marehemu. Kila rekebisho linaletwa watu wakiwa wamesimama mlangoni. Kufanya leya mpya ni kitendo cha sekunde moja; kwenye Photoshop na GIMP 3.0 si hata kitendo, maana inatokea yenyewe. Muda unaopotea kwa kuanza upya ni mwingi kuliko huo mara nyingi sana. Mpinzani hapa ana haki kwenye jambo moja tu: kwa picha ambayo kweli haitaguswa tena, kama kuweka alama ndogo ya duka kwenye picha ishirini za bidhaa, huhitaji kutunza faili ishirini zenye leya, kwani picha za asili zipo na alama ipo. Asili ikiwepo na kazi ikiwa ya tendo moja, changanya bila hofu.

Hoja ya tatu naiheshimu zaidi, nayo inatoka kwa watu wazoefu. Wanasema leya nyingi ni fujo. Wamefungua faili za wenzao wakakuta leya sitini, zote zina majina ya namba, nusu yake zimefichwa, na hakuna anayejua ipi inafanya nini. Rekebisho la dakika mbili likachukua saa nzima ya kuwasha na kuzima. Nakubaliana nao kwamba faili hiyo ni mbaya, ila ubaya wake si wa leya, ni wa kutozipa majina. Ukibandika, andika jina hapo hapo: picha bwana harusi, nembo kanisa, maua kushoto. Zinazokaa pamoja zitie kwenye kundi moja ili zisogee pamoja. Leya ambayo umeamua kwa dhati kwamba huihitaji ifute, usiifiche tu. Na vipo vipande ambavyo ni halali kuunganishwa mapema: ukiwa umejenga ua moja kwa petali tano ulizobandika, na ua lenyewe limekamilika, liunganishe liwe leya moja. Lakini liunganishe na petali zake. Usiliunganishe na ukurasa.

Siku hizi kuna hoja ya nne: mashine inakata mandhari yenyewe kwa kubofya mara moja, kwa nini nijifunze maski? Zana hizo ni nzuri, na kwa picha yenye mandhari safi zinamaliza kazi. Lakini nyingi kati ya zile za bure mtandaoni zinakurudishia PNG ambayo mandhari yake imeshaondolewa moja kwa moja. Zilipokosea, pengine zimekula kidole, mguu wa miwani, au upande wa kanzu nyeupe uliokuwa mbele ya ukuta mweupe, kidole hicho hakimo tena kwenye faili. Kwa hiyo tumia kukata kwa mashine kama rasimu: ibandike PNG hiyo juu ya picha ya asili, geuza umbo lake kuwa maski ya ile ya asili, kisha rudisha kwa brashi kilicholiwa. Ukiwa na programu inayotoa maski yenyewe, chagua njia hiyo. Na kwa wanaofanya kazi kwenye simu, kanuni haibadiliki: programu nyingi za simu zinahifadhi mradi na picha kama vitu viwili tofauti. Ukipeleka picha kwenye galari na kutoka bila kuhifadhi mradi, umetia nanga kila kitu kwa mpigo.

Linabaki suala la kukabidhi. JPEG haiwezi kutunza leya wala uwazi, na kila ukiihifadhi upya inapoteza ubora kidogo. PNG inatunza uwazi lakini haitunzi leya unazoweza kuzifungua tena. Kazi yenyewe ikae kwenye PSD ukitumia Photoshop, au XCF ukitumia GIMP, na kwa mteja itoke nakala ya JPEG, PNG au PDF kwa njia ya kusafirisha nje. Uwe mwangalifu unapohamisha PSD kwenda GIMP, kwa kuwa maandishi na baadhi ya madoido yanaweza kugeuka pikseli njiani. Picha ulizobandika kwa kawaida zitafika na leya zake. Mchapaji akikutaka ubane leya zote kuwa moja, ana sababu zake, hataki fonti asizonazo wala leya iliyofichwa ijitokeze kwenye mashine yake. Mpe anachotaka. Ila kwanza hifadhi faili yenye leya, fanya nakala kwa jina jingine, ndipo ubane hiyo nakala. Wanaobana kwanza na kuhifadhi baadaye juu ya faili ile ile ndio wanaopiga simu wiki ijayo kuuliza kama kuna namna ya kuirudisha. Namna hiyo haipo.

Basi kabla hujafunga kompyuta leo, fungua kazi ya mwisho uliyomkabidhi mteja, ufiche leya ya mandhari na uone kinachobaki. Ukiona vipande vyako vyote vimesimama peke yavyo juu ya miraba ya kijivu, uko salama. Usipoviona, tafuta picha za asili zilipo uziweke kwenye folda moja na faili hiyo, maana mteja atarudi.